Kamanda wa Mboga

Wakongo watatu wakikutana mahali popote duniani, jambo la kwanza wanalofanya ni kuchagua rais. La pili ni kuchagua makamu wa rais, ili rais awe na mtu wa kugombana naye. Sisi akina mama wa kanisa letu pale Bertrams, mashariki ya Johannesburg, tulikuwa na rais, makamu, mwandishi, mweka hazina, na mama wa itifaki ambaye kazi yake ilikuwa kupanga viti. Mimi nilikuwa mshauri. Mshauri ni cheo anachopewa mtu mwenye mdomo ambaye hakupata kura.

Rais wetu tulimwita Mama Prezidente, na hata mumewe alimwita hivyo. Alitoka Uvira kama mimi. Alisuka nywele katika chumba kidogo kando ya barabara inayopanda kwenda Kensington, na alikuwa na sauti isiyohitaji kipaza sauti, ingawa kipaza sauti alikipenda sana. Nilimpenda na alinichosha, yote mawili kwa siku moja. Mwaka 2016, baridi ilipokuwa inaelekea kwisha, alisimama baada ya ibada akatangaza kwamba Mungu amemwonyesha shamba.

"Ba mama," alisema, "tutakula ile spinachi ya duka mpaka lini? Majani haina hata harufu! Miye nataka lenga-lenga. Nataka matembele. Na kiwanja iko, Mungu ananionyesha."

Tulicheka, lakini mate yalitujaa mdomoni. Lenga-lenga ni ule mchicha wa kwetu, na mtu aliyelelewa nao anaweza kula nyama wiki nzima na bado akasema hajala. Kiwanja chenyewe tulikijua. Kilikuwa nyuma ya gereji ya kunyoosha magari, chini ya kilima, nyasi kavu, mikalitusi michache na takataka za watu. Mama Prezidente alikuwa amemwuliza mlinzi wa gereji, kaka yetu mmoja Mrundi, kama kina mwenyewe. Mlinzi akajibu kwamba hajawahi kuona mtu akijenga pale. Kwa Mama Prezidente hiyo ilikuwa hati ya kiwanja.

Jumamosi tulikwenda na majembe. Tulikata nyasi, tukaokota chupa, tukaimba. Kisha tukafika chini ya mkalitusi mkubwa kuliko yote, na wimbo ukakatika. Palikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa, yamepangwa duara, yakaachwa wazi upande mmoja. Ndani ya duara ardhi ilikuwa imekanyagwa mpaka ikawa tupu na ngumu. Palikuwa na vipande vya mishumaa, na kwenye tawi zimefungwa nyuzi za sufu, za buluu na za kijani.

"Uchawi," alinong'ona makamu wa rais.

Hakuna aliyebisha. Sisi ni watu wa makanisa ya uamsho, tumelelewa na mahubiri ya moto, na kwa mtu aliyelelewa hivyo duara la mawe meupe lenye mishumaa lina maana moja tu. Tulishikana mikono. Tulifunga pepo, tukafungua baraka, tukakemea kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na mmoja wetu akakemea kwa Kirundi maana pepo wengine ni wabishi. Mama Prezidente alinyunyiza mafuta. Nyuzi tulizikata, mishumaa tukaitia kwenye mfuko wa taka. Mawe tuliogopa kuyagusa, mpaka mama wa itifaki aliposema kwamba kwa kuwa yameombewa, sasa yameokoka. Basi mawe yaliyookoka tukayapanga kuzunguka matuta tuliyokwisha kupanda lenga-lenga, yakapendeza kweli. Nilirudi nyumbani mgongo unaniuma na moyo mweupe.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Alizaliwa hapahapa. Kiswahili anakielewa chote, hasa nikiwa namgombeza, lakini majibu yake hutoka kwa Kiingereza, na akishavuka geti la nyumba anageukia Kizulu. Maneno yake ninayoandika hapa nimeyatia Kiswahili mimi mwenyewe, na akiyasoma atasema nimeyapendezesha.

Jioni hiyo alikuwa anajifunza hotuba. Kila mwanafunzi alipewa mtu wa zamani, asimame mbele ya darasa azungumze kama yeye, na ikiwezekana avae kitu cha kufanana naye. Binti yangu alipewa yule kamanda Mholanzi aliyekuja na meli zake kule Rasi, Cape Town ya leo, akaweka makazi ya kwanza ya Wazungu katika nchi hii. Mimi ni mshonaji, kwa hiyo kazi ya kumvisha kamanda ilikuwa yangu. Nilikuwa namshonea kola nyeupe, pana, ya kufika mabegani, kama kwenye picha aliyonionyesha.

"Mimi ni kamanda," alianza, amesimama kati ya meza na kitanda. "Kampuni ya biashara imenituma. Sikuja kuanzisha nchi. Nimekuja kujenga ngome na kulima bustani, ili meli zetu ziendazo mashariki zipate maji, nyama na mboga, kwa maana mabaharia wetu wanatoka damu kwenye fizi na meno yao yanalegea."

Nilisimamisha cherehani. "Mboga?"

"Ndiyo, Mama. Mboga."

Nilishangaa sana. Shuleni kwetu tulisomeshwa habari za Wabelgiji, na Wabelgiji hawakuja kwa ajili ya mboga. Huyu Mholanzi nilimpenda palepale. Tena binti aliniambia kwamba alikuwa amepata matatizo kazini huko Asia, kwa sababu alifanya biashara yake mwenyewe pembeni, na Kampuni ikampeleka Rasi atengeneze jina. Hakupapenda. Aliwaandikia wakubwa wamhamishie mahali pa maana. Upepo uling'oa mimea yake, mvua ikamharibia mbegu, watu wake wakaugua, naye akapanda upya.

"Huyu ni kama sisi," nilisema. "Mtu ametoka mbali, hakuchagua, anatafuta majani ya kula."

Binti alinitazama kwa namna yake, akainamia kitabu chake. Nami nikaendelea na kola.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kanisa letu lilikuwa katika jengo lililokuwa kiwanda cha samani, na Jumapili tulikuwa mle tangu asubuhi mpaka jua linageuka, na vyombo vyetu vikipigwa hatukusikia hata ving'ora vya polisi. Yule kaka mlinzi ndiye aliyepiga gitaa la besi, na Jumapili hakulinda gereji. Siku hiyo tu mwenzake alikuwa mgonjwa, akalazimika kwenda kazini. Tulipotoka tulimkuta mlangoni, bado amevaa sare ya ulinzi.

"Ba mama," alisema, "batu ya kiwanja banakuja leo asubuhi."

"Batu gani?" aliuliza Mama Prezidente.

Alieleza. Asubuhi walikuja watu, wanawake kwa wanaume, wamevaa kanzu nyeupe na mishipi ya buluu, wengine na fimbo. Walifika chini ya mti wakasimama. Walitazama matuta yetu muda mrefu. Wazee wakazungumza kwa sauti ndogo, kijana mmoja akapaza sauti, wakamnyamazisha. Kisha wakasimama pembeni ya shamba, nje kabisa ya matuta, wakaimba na kuomba mpaka walipomaliza, wakaondoka. Hawakukanyaga hata tuta moja.

Ningependa kusema tuliona aibu. Tuliona woga. Mwaka uliotangulia, mji ulipochafuka na wageni wakaanza kupigwa, mimi nilifunga chumba changu cha kushonea na kukaa ndani na mwanangu, nikimkataza kuchungulia dirishani. Yeye alikuwa ananieleza yanayosemwa barabarani, maana alikuwa anaelewa kila neno nami sikuelewa. Sijapata kuchukia kitu kama nilivyochukia kumwona mtoto akisikiliza matusi kwa ajili yangu. Sasa tena tulikuwa tumewapa watu sababu.

Mama Prezidente aliitisha kikao palepale kwenye ngazi. "Tunaweka ua," alisema. "Kesho asubuhi. Vitanda ya chuma ya zamani iko nyingi kwa ule muzee wa vyuma. Tunafunga na waya, tunaweka na miiba. Batu bakiona ua, banajua pale kuna mwenyewe."

Wote walisema amina. Mimi mshauri nilisema amina pia.

Nyumbani nilimkuta binti amevaa kola, anatembea huku na huku. Alikuwa amefika mahali pengine pa hotuba. Kamanda alikuwa amewapa baadhi ya watu wake mashamba, na mashamba hayo yalikuwa ndiyo malisho ya Wakhoikhoi, wafugaji waliokuwako kabla yake. Walipigana. Baada ya vita wenyeji walimwuliza kamanda swali: kama wao wangekwenda Uholanzi, wangeachwa wafanye vile? Na kama ardhi haitoshi wote, nani anapaswa kupisha, mwenyewe au mgeni?

"Akajibu nini?" niliuliza.

"Akapanda ua. Wa milozi michungu na miiba, kuzunguka makazi, ng'ombe wao wasipite. Mabaki yake yapo mpaka leo Cape Town."

Niliketi. Nikamweleza yote, duara, mishumaa, nyuzi, mawe yaliyookoka, watu wa kanzu, ua wa vitanda. Nilimweleza haraka haraka, kama mtu anayetarajia kuambiwa si kitu. Alivua kola polepole akaiweka juu ya meza.

"Mama, lile ni kanisa."

"Kanisa gani lisilo na ukuta?"

"Lile. Bibi anayeuza magwinya, yale maandazi, getini kwetu shuleni anasali pale. Mawe ndiyo ukuta. Pale palipoachwa wazi ndipo mlango. Unavua viatu kabla ya kuingia. Kila mtu anajua."

"Sisi hatukujua!"

"Kamanda naye—"

"Usiniambie habari za kamanda!" Nilisimama, na najua majirani walinisikia. "Mimi siyo Mholanzi! Mholanzi alikuja na mizinga. Mimi nilikuja na mfuko wa plastiki na wewe tumboni!"

Hakulia, na mimi ndiye niliyelia. Akanisogezea kikombe cha chai yake mwenyewe, imeshapoa, nikainywa. Nilikuwa na hasira kwa sababu alikuwa na haki, na hasira za namna hiyo huwa hazina pa kwenda.

Jumatatu nilimkuta Mama Prezidente anasuka mteja, na vijana wawili wameshaanza kupakia vitanda kwenye mkokoteni nje. Nilimwambia kwa Kiswahili, mteja asielewe. Vidole vyake vikasimama kichwani mwa yule dada.

"Unasema aje?"

"Ni kanisa, Mama. Wanamwomba Mungu."

"Mungu huyuhuyu?"

"Huyuhuyu."

Alikaa kwenye kiti cha mashine ya kukaushia nywele. "Yesu wangu," alisema. "Tunakemea kanisa."

Mteja aliuliza kuna nini. Mama Prezidente akamwambia kuna msiba, na kwa kweli uso wake ulikuwa wa msiba. Kisha akainuka, akatoka nje, akawaambia wale vijana warudishe vitanda kwa mzee wa vyuma. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wanawake wanampigia kura. Makosa yake yalikuwa makubwa, lakini alikuwa anayaacha upesi.

"Jumapili tunaenda kwao," alisema. "Miye kwanza. Rais anaenda mwenyewe, hatumi mutu. Na ile mawe tunayatoa kwenye matuta, tunayaweka pamoja." Halafu akanigeukia. "Shida ni luga. Bale bazee batasema Kizulu ya kweli, siyo hii yetu ya sokoni. Mutoto yako atatusemea."

"Hapana."

"Mbona hapana?"

"Hapana," nilisema tena, nikaondoka bila kuaga.

Nilikuwa na sababu, ila haikuwa ya kumweleza mtu aliyeshika kitana. Usiku wa jana yake, tulipokwisha kupatana, binti alinieleza sehemu ya hadithi ambayo hotuba yake haikuwa nayo. Kamanda alikuwa na mkalimani. Alikuwa msichana mdogo wa Wakhoikhoi, mpwa wa mkubwa mmoja wao, aliyechukuliwa akakae nyumbani kwa kamanda kusaidia kulea watoto. Akajifunza Kiholanzi. Akavishwa nguo za Kiholanzi, akapewa jina lingine. Alipokua akawa anasimama katikati, ng'ombe wanapouzwa, vita inapopatanishwa. Waholanzi walimshuku kwamba anawapendelea ndugu zake. Ndugu zake walisema amekwisha kuwa Mholanzi. Kamanda hatimaye alipata uhamisho wake, akaenda zake. Yule msichana alibaki. Aliolewa na tabibu wa Kampuni, mume akafa, pombe ikamshika, wakamtupa kisiwani, akafia huko.

"Na yeye mwenyewe alikuwa anasema nini?" nilimwuliza.

"Hatujui, Mama. Tunajua alichosema kwa niaba ya wengine. Yeye hakuna aliyemwuliza."

Ndiyo sababu nilisema hapana. Nilikuwa nimevuka mipaka mitatu ili huyu mtoto awe na mahali, siyo awe daraja la kukanyagwa na watu wa pande mbili. Kama wale wazee wangekasirika, wangemkasirikia yeye, maana maneno yangetoka kinywani mwake. Kesho yake angekutana nao dukani, barabarani, getini shuleni. Mimi nikikosana na mtaa nitajifungia na cherehani yangu. Yeye mtaa ndio kwao.

Lakini Bertrams habari hazikai. Mama Prezidente hakusubiri. Alimvizia binti akitoka shuleni akamwomba yeye mwenyewe, kwa heshima, kama mtu mzima. Binti alikuja nyumbani, akaweka begi chini.

"Nitakwenda," alisema.

"Nimeshakataa."

"Najua. Lakini Mama, wao watasema nini kama nyote mtasimama pale mnatabasamu tu? Nitakwenda. Ila nina sharti. Sitasema uongo. Mkidanganya, sitafsiri."

"Wakikutukana?"

Alifikiri. "Hilo nitaamua palepale."

Sikulala vizuri wiki hiyo nzima. Ijumaa alitoa hotuba yake shuleni bila kola. Alikuwa amemwomba mwalimu ruhusa, akaacha kuwa kamanda, akamzungumzia yule mkalimani. Nilisikitikia kola yangu, nilikuwa nimeishona vizuri. Aliniambia kwamba msichana mmoja wa Eldorado Park, ambaye kwao wanasema wana damu ya Wakhoikhoi, alimfuata baadaye wakakaa pamoja. Zaidi ya hapo hakunieleza.

Jumapili hatukwenda kanisani kwetu. Mchungaji alinuna, kwaya nzima ya akina mama haipo, lakini Mama Prezidente alimwambia kuna ibada inatangulia. Tulikuwa tumeshayatoa mawe kwenye matuta na kuyakusanya mahali pamoja karibu na mti. Kuyapanga hatukuthubutu. Hatukujua mlango ulielekea wapi.

Walikuja wakiwa wanaimba, wakatuona, wakanyamaza. Aliyewaongoza alikuwa bibi mrefu, mkavu, mwenye mshipi wa buluu na fimbo. Alikuwa yuleyule anayeuza magwinya. Binti yangu alivua viatu. Mimi sikufikiri, nikavua vyangu, na nyuma yangu nikasikia wanawake wote wanahangaika na vifungo. Mama Prezidente alikuwa amevaa viatu virefu vya sikukuu, akalazimika kumshika makamu wake begani asianguke.

"Sanibonani, bogogo," binti aliwasalimu kwa Kizulu, amepiga goti kidogo.

Kisha Mama Prezidente akahutubia. Alianza na salamu za kanisa, akapita kwa upendo wa Mungu, akagusa historia ya Uvira, akaeleza baridi ya Johannesburg na ubovu wa spinachi ya dukani. Alipotua kupumua, binti alisema maneno machache sana kwa Kizulu.

"Ni hayo tu?" Mama Prezidente alimnong'oneza.

"Nimesema mmekuja kuomba msamaha," alijibu kwa Kiingereza chepesi, na neno "sorry" Mama Prezidente alilijua.

"Sawa. Ni ya kweli."

Bibi aliuliza swali. Binti akatugeukia, na kwa kuwa Kiingereza cha Mama Prezidente ni cha kuhesabu tu, alilisema kwa Kiswahili. Kilikuwa kimepinda na kuvunjika, lakini kilikuwa Kiswahili, na mimi ilibidi niangalie chini. "Anauliza, nani aliwaambia hapa hapana mtu?"

Niliona Mama Prezidente anatafuta jibu zuri. Niliona pia anamtazama binti, anakumbuka sharti. "Hakuna mutu alituambia," alisema. "Hatukuuliza."

Binti akapeleka jibu. Bibi akatikisa kichwa, akauliza la pili: mishumaa na nyuzi ziko wapi? Hapo nikatamani ardhi ipasuke. Mama Prezidente, Mungu ambariki, alinyoosha mgongo akaeleza yote, jinsi tulivyodhani ni kazi ya shetani, tulivyokemea, mafuta, Kirundi na vyote. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta pumzi, akayasema.

Kijana mmoja nyuma, yule aliyenyamazishwa wiki iliyopita bila shaka, alisema jambo kwa ukali akinyoosha mkono upande wa kaskazini. Sikuhitaji mkalimani. Nilimtazama binti yangu. Alibana mdomo, hakututafsiria. Nilipiga hatua kwenda kwake, lakini bibi alikuwa ameshageuka. Alimwambia yule kijana maneno mawili matatu, si kwa kufoka, na kijana akatazama pembeni.

Halafu bibi aliuliza tulichopanda ni nini. Binti alisema. Bibi akainama, akachimbua kidogo kwa kidole, akatazama kamche kalikokwisha kujitokeza. Akawaonyesha wenzake, na wanawake wa kanzu wakaanza kucheka, kwanza kwa kuzuia, kisha kabisa.

"Anasema," binti alitueleza, naye anacheka na machozi yamo, "hii inaota yenyewe. Hapa kila mahali. Wao wanaipika. Anasema mmebomoa kanisa ili mpande kitu kinachoota kwenye mtaro."

Hata Mama Prezidente alicheka, akapangusa uso kwa kitenge. Mambo mengine yalikwenda polepole na bila kicheko. Tulikubaliana matuta yahamie upande wa chini, ukutani mwa gereji, ambako maji ya mvua yanapita. Ua usiwepo. Kila mtu achume mboga kwa kiasi. Yule kijana hakuzungumza nasi siku ile wala miezi mingi baadaye, na sikumlaumu. Mawe tuliruhusiwa kuyabeba, lakini kuyaweka waliweka wenyewe. Mimi nilibeba langu mpaka kwa bibi, nikampa kwa mikono miwili, akaliweka, akalisogeza kidogo kwa mguu, akatosheka. Mlango ulielekea mashariki.

Walipokuwa wanajiandaa kuanza ibada yao, nasi tunavaa viatu, bibi alimwita binti yangu. Alimshika kidevu akamwinua uso. Alizungumza naye muda, kwa sauti ya chini, binti anaitikia kwa kichwa, mara moja akasema neno, bibi naye akaitikia. Nilisimama mbali, kiatu kimoja mkononi, najaribu kunasa chochote. Nilinasa neno "mama" tu, na hilo ni letu wote.

Alikuja akitembea taratibu. Tulishika njia ya nyumbani, wanawake wametangulia wanasimuliana kwa kelele yale waliyokuwa wote wameyaona. Nilivumilia mpaka kwenye robot ya kona, kama huku wanavyoziita taa za barabarani, nayo ikiwa nyekundu.

"Alikuambia nini?"

Alitazama magari yanavyopita. Hakuwa na huzuni. Alikuwa ametulia, mrefu kuliko nilivyokuwa nimemwona asubuhi.

"Hayo hayakuwa ya kutafsiri, Mama," alisema. "Aliniambia mimi."

Taa ikageuka kijani, tukavuka.